Mashuka ya Thieta

Kimulot,
9 Februari 2025

Kwako Kipruto, mtoto wa mama yangu,

Chamgei. Barua hii ikukute ukiwa mzima pamoja na mke wako na watoto, na zaidi ya wote Mama, ambaye nasikia ameanza tena kuikataa fimbo yake ya kutembelea. Mwambie Sally amesema aishike. Sisi huku Kimulot tuko salama, isipokuwa jua. Shemeji yako Kipkosgei anaamka asubuhi kuyatazama majani chai yake kama mtu anayemjulia hali mgonjwa, na pale senta ya kuuzia majani karani hata haji kila siku kwa sababu hakuna cha kupima. Mwanetu Shirley amerudi shuleni. Anasema hesabu ni ngumu lakini mandazi ya huko ni magumu zaidi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi na sisi sote tuna simu. Ile sauti niliyomtumia mwenzangu Moureen kwa WhatsApp, nikilalamika vile supavaiza wetu Kiplimo anavyotutukana, ilichezwa ofisini mwake mbele yetu sote, yeye ameketi anakunywa soda. Nani alimpelekea, sijui. Tangu siku hiyo mambo ya kazi siyasemi tena kwa simu. Barua hii nimempa Omosa, yule anayeleta ndizi huku kwa pikapu. Anapita Fort Ternan akienda kununua, ataiacha kwa duka lililo karibu na reli. Ukijibu, mwachie hapo hapo.

Sasa sikia. Kazi yangu unaijua, kufua mashuka ya Hospitali ya Mlima Rehema. Mashuka ya wadi, mashuka ya akina mama waliojifungua, na yaliyo mabaya kuliko yote, mashuka ya thieta, kule wanakopasulia watu. Lakini hospitali haikutuajiri. Tuliajiriwa na kampuni ya usafi ambayo ofisi yake sijawahi kuiona. Damu tunayofua ndiyo ya hospitali.

Juma lililopita Moureen alikuwa akitenganisha mashuka ya thieta. Ni msichana wa juzi tu, ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, huja naye kazini. Glavu zilikuwa zimeisha tangu kabla ya Krismasi. Nikamsikia anasema "Uwi!" Sindano ilikuwa imeingia chini ya kidole gumba, ikasimama hapo kwenye nyama. Sindano iliyotoka kwa mtu tusiyemjua, Kipruto, imekunjwa ndani ya shuka kama peremende.

Tukakimbia kwa Kiplimo. Hakuinuka. "Osha na sabuni," akasema, "urudi kazini."

Nikamwambia apewe dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, duka la dawa ni lile pale, mlango wake nauona.

"Dawa zile ni za wafanyakazi wa hospitali. Nyinyi ni watu wa kampuni. Apewe na kampuni."

"Kampuni iko wapi?"

"Nairobi."

Nilimshika Moureen mkono, mtoto wake nikambeba mgongoni, tukapanda boda hadi kliniki ya serikali. Muuguzi wa pale alimpa dawa za mwezi mzima, akamweleza jinsi ya kuendelea na mtoto, akamwambia arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Halafu akatuuliza, "Mnatoka hospitali, mnakuja huku kutafuta dawa?" Nilisikia haya, na haya hiyo haikuwa yangu.

Wewe ni muuguzi, tena ni katibu wa chama cha wauguzi sehemu hizi zote. Tuambie sisi wa kufua tunaingia chama gani. Au njoo mwenyewe uzungumze nasi. Tuko wanawake tisa na hatuogopi kusikia.

Nisalimie Mama.

Dada yako,
Sally


Fort Ternan,
2 Machi 2025

Dada mpendwa Sally,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama hajambo. Fimbo ameishika, ila anaitumia kuwafukuza kuku tu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike na maziwa yameanza kuwa mengi, Mama amekutengea kibuyu cha mursik ambacho Omosa atakuletea kama hatakinywa njiani. Huku chini kuna joto kali, na miwa ya majirani imeungua moto upande wa reli.

Habari ya Moureen imenisikitisha sana. Umefanya vizuri kumpeleka mapema, siku tatu zingepita dawa hiyo isingemsaidia. Mwambie asiache kumeza hata akisikia kichefuchefu. Watu wengi huacha katikati.

Kuhusu lile swali lako. Katiba ya chama chetu ni ya wauguzi peke yao, na siwezi kuibadilisha kwa sababu dada yangu ameumia. Viko vyama vingine vya wafanyakazi wa hospitali. Nitauliza. Lakini mambo haya hayataki haraka, yanataka subira na kauli ya upole. Tafadhali usigombane na supavaiza wako. Mtu wa kampuni huondolewa kwa neno moja tu.

Msalimie shemeji. Mvua itakuja, Mungu hamtupi mja wake.

Ndugu yako,
Kipruto


Kimulot,
23 Machi 2025

Kipruto,

Tumepata kibuyu na kilikuwa kimejaa, Omosa ni mtu mwaminifu. Mwambie Mama mursik yake bado haina mpinzani. Kipkosgei anakusalimia. Mvua imenyesha mara moja, ikaja pamoja na mawe, ikayapasua majani machanga ambayo jua lilikuwa limeyasahau. Sasa hata shambani hakuna faraja.

Umenijibu kama mhubiri aliyeitwa kwenye mazishi ya mtu asiyemjua. Subira! Kauli ya upole! Acha nikueleze tunachofanyia subira, kwa sababu naona hujawahi kufika.

Mashine ya kufulia iliharibika mwaka juzi. Waliahidi fundi. Sasa tunaingia ndani ya tanki la saruji na kukanyaga mashuka kwa miguu, vile wanawake hukanyaga udongo wa kukandika nyumba. Gambuti zenyewe zimepasuka. Maji yakibadilika rangi tunayafungulia, tunaingiza mengine. Na maji ya huku unayajua, yanatoka msituni yakiwa baridi kama chuma. Siku moja Elmina, yule mama mzee kati yetu, alikunjua shuka la wadi ya kujifungulia akakuta kondo la nyuma ndani yake. Halikuwekwa kwa ndoo, halikuzikwa, lilikunjiwa tu humo. Elmina ana wajukuu. Aliketi chini akalia, na alipomaliza kulia akasimama akaendelea kufua, kwa sababu wadi ilikuwa inangoja.

Tulipoomba glavu Kiplimo alituambia hivi: "Mama zenu walifua na mikono, wakafa?"

Haya. Hayo ni ya huku. Sasa nije kwako.

Muuguzi mmoja wa thieta anaitwa Wanjuhi. Ni mtu mzuri, hutuletea glavu mbili tatu akizificha mfukoni. Juzi nilimwambia kwamba ndugu yangu ni Kipruto, katibu wa chama chao. Akashangaa. "Si alikuwa hapa mwezi uliopita?" akasema. "Yeye ndiye anayezungumza na hospitali kuhusu mkataba wetu."

Kumbe! Ulikuwa Kimulot. Ulikunywa chai katika ofisi ya administreta, na dirisha la ofisi hiyo linatazama kamba zetu za kuanikia. Yale mashuka meupe uliyoyaona yakipepea, nani alikuwa nyuma yake? Ukarudi nyumbani, ukaketi, ukaniandikia habari za ng'ombe na miwa, na neno moja la safari hiyo halikutoka.

Nataka jibu moja tu. Katika mazungumzo hayo, sisi wa tanki tumetajwa au hatukutajwa?

Sally


Fort Ternan,
6 Aprili 2025

Dada Sally,

Tuko wazima. Mama anakohoa kidogo, ni baridi ya mvua.

Hamkutajwa.

Sikuja kukusalimia kwa sababu kama administreta angejua wewe ni dada yangu, angesema nimekuja na mambo ya nyumbani, na mazungumzo yangevunjika. Wauguzi wale pia wanaumia, Sally. Yuko mmoja anayeachiwa wadi nzima peke yake, hata kwenda msalani anaona hatari. Mwingine alipigwa kofi na mtu wa mgonjwa na hospitali ikamwambia asamehe. Tumelifukuzia jambo hili kwa muda mrefu na sasa wanakaribia kukubali. Nikiwaingiza watu wa kampuni leo, administreta atapata sababu ya kufunga faili. Tupate sisi kwanza, halafu tutarudi kwa ajili yenu.

Najua hutaipenda barua hii. Nakuomba tu, msifanye jambo lolote kabla ya Pasaka.

Kipruto


Kimulot,
1 Juni 2025

Ndugu yangu Kipruto,

Natumaini nyinyi nyote mko salama na kikohozi cha Mama kimeisha. Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua ni nzuri sasa, chai imerudi, Kipkosgei anachuma hadi vidole vinakuwa vyeusi. Shirley aliumwa na tumbo akapona. Wale kuku wa Mama wasio na manyoya shingoni, kama bado wapo, naomba mayai ya kuatamiza. Omosa anasema anaweza kuyabeba ndani ya unga.

Moureen alirudi kupimwa na hana neno. Mtoto wake ameanza kuketi.

Kazi inaendelea.

Samahani kwa kukaa kimya. Ni shughuli tu.

Dada yako,
Sally


Fort Ternan,
15 Juni 2025

Dada yangu,

Mama hajambo, na mayai yako yamo katika unga huu. Hesabu Omosa akiwa bado amesimama hapo. Hayo ndiyo ya nyumbani, na leo siwezi kuyaongeza.

Jumatano nilikuja Mlima Rehema. Ilikuwa siku ya kuweka sahihi ule mkataba. Nilifika mapema, nikasema moyoni, leo nitamsalimia dada yangu, na anayetaka kuudhika audhike. Nikapita nyuma ya jiko, nikafuata kamba za mashuka hadi kwenye tanki. Nilikuona kwa mbali, umeinama. Nikaita "Sally!" Mtu akageuka, hakuwa wewe. Alikuwa msichana nisiyemjua.

"Sally yupi?" akaniuliza.

Mama mmoja mzee aliyekuwa ndani ya maji akaninyanyulia macho. Nadhani ndiye Elmina. "Sally alifukuzwa," akasema. "Tangu Aprili. Wewe ni nani yake?"

Barua yako ya "kazi inaendelea" ilikuwa mfukoni mwa koti langu.

Wanjuhi ndiye aliyenieleza. Kwamba mlingoja hadi Jumanne baada ya Pasaka, vile nilivyowaomba. Kwamba mlisimama kando ya tanki mkasema hamtatia mkono ndani ya shuka la thieta bila glavu. Kwamba Kiplimo aliwaita mabawabu, akakuonyesha wewe kwa kidole, na ukatolewa hadi lango kuu na aproni yako bado inadondoka maji.

Sally, kwa nini ulinificha?

Niliporudi ndani, mkataba ulikuwa mezani na kila mtu ameshika kalamu. Nikasema, kabla hatujaandika, ningependa tuzungumzie wanawake wanaofua. Administreta akatabasamu. "Katibu, wale si wangu. Nina mkataba na kampuni, na kampuni inaniletea mashuka safi. Ukinunua mkate unauliza nani alikanda unga?"

Mwenyekiti wetu akanivuta koti. "Keti," akaninong'oneza. "Keti, utatuharibia."

Sikuketi. Nilisema sitaweka sahihi hadi wanachama waulizwe. Tumetoka pale bila mkataba, na wauguzi wengi sasa hawanisalimii. Mkutano wao utakuwa mwezi ujao. Nitakuombea kazi yako pia, hilo nimeapa.

Kipruto


Kimulot,
6 Julai 2025

Kipruto, mtoto wa mama yangu,

Mayai yamefika, moja tu ndilo lililopasuka, na kuku ameyakubali. Huku ni baridi, ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa hadi saa nne. Mwambie Mama shuka la kujifunika nitamtumia na Omosa, jipya, la dukani. Usimwambie mengine.

Unauliza kwa nini nilikuficha. Kwa sababu ningekuandikia ukweli, wewe ungeniandikia subira, na safari hiyo ningeichana barua ya ndugu yangu. Sikutaka kufika hapo.

Lakini kwa vile sasa umesikia kwa watu, nisikie na mimi. Bawabu aliyenitoa ni Kipkemoi, binamu ya Kipkosgei, tuliyemlisha nyumbani kwetu mwaka mzima alipokuwa akitafuta kazi. Hakunishika. Alitembea kando yangu, kofia mkononi, akisema, "Shemeji, nisamehe. Shemeji, nimeambiwa." Kilichoniuma si yeye. Kilichoniuma ni wale watu waliokuwa kwenye foleni ya kuona daktari. Walinitazama kama mwizi. Mama mmoja akamvuta mtoto wake kando nisije nikamgusa. Mimi! Mtoto huyo akilazwa usiku huo, angelala juu ya shuka nililolifua mimi.

Nilifika nyumbani nikamkuta Kipkosgei anapakia majani kwenye gunia. Nilimweleza yote. Aliendelea kupakia, unajua alivyo. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulidai glavu."

"Nilidai glavu."

"Glavu tu?"

"Glavu tu."

Akalitupa gunia chini, majani yakamwagika, akatukana kwa Kipsigis tusi ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake katika ndoa yetu yote. Siku hiyo nilijua niliolewa na nani.

Sasa nachuma chai naye. Jumapili baada ya kanisa wale wanawake huja hapa kwangu, hata yule mpya uliyemwita kwa jina langu. Tumeongea na chama cha wafanyakazi wa hospitali, sio chenu, kile cha wapishi na wafagiaji. Mtu wao alikuja kutoka Bomet, akatusikiliza, na wote tisa walio kazini wameingia. Na mimi pia, ingawa sina tanki.

Nakuomba jambo moja. Usiniombee kazi. Ukiomba ya Sally watakupa ya Sally, kisha watasema wamemaliza, na Elmina ataendelea kukunjua mambo kwa mikono mitupu. Ombea tanki. Wakikuuliza dada yako je, waambie hana haja na wewe.

Na uvae sweta, ofisi ile ya administreta ina baridi.

Sally


Fort Ternan,
17 Agosti 2025

Dada mpendwa,

Shuka limefika na Mama amekataa kulitumia, anasema ni la wageni. Watoto wamefunga shule. Ndama anakua, nimempa jina lako kwa sababu ya kiburi. Tuko salama.

Mkutano wa wauguzi ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nilieleza habari ya tanki, ya sindano na ya dawa mliyonyimwa. Walinizomea, Sally. Mwenyekiti akasimama akasema kila mtu abebe msalaba wake, wauguzi wamengoja vya kutosha, na katibu ametanguliza ukoo wake. Watu wakapiga makofi. Nilijua nimeshindwa.

Ndipo Wanjuhi akanyoosha mkono. Alitoka moja kwa moja kazini, bado amevaa vile viatu vya thieta. Alisema pole pole, kama mtu aliyechoka.

"Sindano iliyomchoma yule msichana haikuanguka kutoka mbinguni. Mmoja wetu aliye humu ndani ndiye aliyeiacha kwenye shuka. Huenda ni mimi. Nilikuwa zamu juma hilo."

Akaendelea, "Sisi tunalia hospitali inatuchukulia kama vitu. Na sisi tumewachukulia wale wanawake kama nini? Mnasema wanaofua si wetu. Basi na mashuka si yetu. Kesho tukimaliza kumpasua mtu nitamfunika na gazeti."

Mtu mmoja alicheka, kisha hakuna aliyecheka. Kura ikapigwa, kama nanyi mtaingizwa katika madai yetu. Tulishinda kwa kura chache sana.

Tulirudi mezani pamoja na yule mtu wa chama chenu kutoka Bomet. Administreta alirudia habari zake za mkate. Tukamwambia, vizuri, kuanzia juma lijalo hakuna muuguzi atakayelipokea shuka lililofuliwa na mtu asiye na glavu. Alituuliza kama tunamtishia. Wanjuhi akamjibu, "Hapana. Tunakuuliza nani alikanda unga."

Wamekubali haya: glavu na gambuti kwa kila anayefua, sanduku la sindano kando ya kila kitanda cha thieta, na dawa kwa yeyote atakayechomwa ndani ya hospitali hiyo bila kuuliza ameajiriwa na nani. Mashine wamesema watatengeneza. Hilo sijaliamini.

Wewe hukurudishwa. Sikukuombea, ulikataza, lakini mtu wa Bomet alikuombea, kwa kuwa wewe ni mwanachama wake. Kampuni ilijibu kwamba wewe ni mchochezi.

Mimi si katibu tena. Walichagua mwingine katika mkutano uliofuata. Nimerudi kuchanja watoto na kupima wajawazito, na kwa kweli nalala vizuri. Lakini neno hilo, mchochezi, halinitoki. Niambie nifanye nini.

Kipruto


Kimulot,
7 Septemba 2025

Ndugu yangu Kipruto,

Chamgei mising. Mwambie Mama shuka ni la kutumia, sisi si wageni. Na huyo ndama nitakuja kumwona ili nijue kama amefanana nami. Vifaranga saba wanakimbia uani na mwewe amechukua mmoja. Kipkosgei anakusalimia kwa heshima ambayo hakuwa nayo kwako mwezi wa nne, nakwambia ukweli.

Pole kwa ukatibu. Uliuliza ufanye nini. Usifanye kitu, keti usome.

Glavu zilikuja, nyekundu, ndefu hadi kwenye viwiko. Zilikuja pamoja na mpiga picha. Administreta alisimama katikati ya wanawake, na Kiplimo kando yake, wakaambiwa wainue mikono, wakapigwa picha, na picha ikawekwa Facebook, imeandikwa kwamba Mlima Rehema inawajali wafanyakazi wake wote. Wote! Moureen alinionyesha kwa simu yake na nilitamani kuing'ata.

Siku chache baadaye Kipkemoi bawabu alikuja nyumbani. Kiplimo amemtuma. Kumbe mtu wa chama kutoka Bomet amekuwa akiwasumbua kampuni kila siku, wamechoka naye. Wamesema naweza kurudi kazini, kwa sharti niombe msamaha mbele ya wenzangu. Kipkosgei alisema nisiende. Nikasema nitaenda.

Ijumaa asubuhi nikafika. Wanawake walikuwa wamepangwa kando ya tanki kama watoto wa shule, na Kiplimo mbele yao, na administreta ametoka ofisini kuja kutazama. Kiplimo akasema, "Haya, Sally. Sema, kazi iendelee."

Nikamwambia, "Nitaomba msamaha. Nikumbushe tu kosa, nisije nikaomba msamaha wa kosa la mtu mwingine."

"Unalijua."

"Nimekaa nyumbani miezi mingi, nimesahau. Liseme."

Akatazama chini. "Ulileta fujo."

"Fujo gani?"

Ni Elmina aliyejibu, mama yule mzee ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya mkubwa. "Alidai glavu," akasema. Na akainua mikono yake miwili, myekundu hadi kwenye viwiko. Moureen akainua yake. Yule msichana mpya akainua. Wote wakainua, vile vile walivyoinua siku ya picha, wakakaa hivyo. Maji tu ndiyo yaliyosikika yakiingia kwenye tanki.

Kipruto, sijui kama umewahi kumwona mtu akitafuta mahali pa kuweka macho yake. Administreta alitazama kamba, akatazama saa, akamwambia Kiplimo kwa Kiingereza jambo fupi, akaondoka. Kiplimo akakohoa. "Chukua aproni," akasema.

Nikachukua. Nimerudi, na wanawake wamenichagua niwe msemaji wao katika chama. Watu huku wananipongeza. Pasta alinitaja kanisani, akasema mambo yamekwisha vizuri, Mungu ni mwema. Mungu ni mwema, sikatai. Lakini hayajaisha. Yule msichana alimeza dawa mwezi mzima akitapika. Alimnyonyesha mtoto wake akiwa na hofu, kila mara akiuliza kama anampa maziwa au anampa kifo. Akapimwa, akakutwa mzima kwa bahati, na bahati si kitu ambacho hospitali ilimpa. Tangu siku ile hadi leo hakuna mkubwa hata mmoja, wa kampuni wala wa hospitali, aliyemwambia Moureen pole.

Mimi walinitaka niombe msamaha mbele ya watu. Basi sasa najua inavyofanywa. Mkutano wa kwanza wa chama na hospitali ni Alhamisi, na nimeulizwa tunataka nini kianze, mashine au gambuti. Nimewaambia hivyo vyote vitafuata. Kwanza Kiplimo na administreta waje hapa kwenye tanki, wamtaje Moureen kwa jina lake, na wamwambie pole kwa midomo yao wenyewe. Sisi tutakuwa tumesimama hapo, tunawasikiliza.

Dada yako,
Sally